Vitabu vya Karatasi ya Simiti

Jumatano, 2 Aprili

Nimechuna kilo 47. Mvua imeanza saa nane, siku tisa mapema kuliko mwaka jana.

Naandika katika daftari hili kwa sababu lile lingine ni la kamati, na la kamati haliruhusu mtu kusema anachofikiria. Mimi ni katibu wa kituo cha majani ya chai. Miaka sita naandika waliyosema wengine: Mwenyekiti alisema, Mwenyekiti alisisitiza, Mwenyekiti alifunga kwa maombi. Katibu hapigi kura. Katibu akisema kitu cha maana, hakuna wa kukiandika ila yeye mwenyewe, na nikijiandika, Mwenyekiti, Mzee Chepyegon, husema najipigia debe.

Basi hapa nitajiandika. Phelis Nyamwange, miaka hamsini na miwili, mama yake Beverly. Miaka kumi na tisa nilichuna chai ya wenyewe kwenye shamba kubwa, mpaka mashine zikaja. Sasa nina mashina elfu mbili na mia moja yangu mwenyewe, upande huu wa Mogogosiek. Hakuna aliyenisaidia. Waliokuja baadaye kusema walinisaidia ni wanne.

Mchana Mwalimu Gekara amepiga simu kutoka Kericho mjini. Ana miaka sabini na sita, anafunga duka lake la vitabu, anarudi kwao Nyamira.

"Phelis, kuja uchukue vilivyobaki."

"Nivipeleke wapi, Mwalimu?"

"Si wewe ndiye ulikuwa unasoma umesimama?"

Akakata.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilishuka Kericho na viatu vya mjini, gumbuti kwenye mfuko.

Lazima niseme jambo. Nikiwa mchuna chai nilikuwa naingia duka lile kila siku ya mapumziko. Mwalimu Gekara alinitoa nje kwanza nioshe mikono, kwa sababu utomvu wa majani unaacha doa jeusi. Nikirudi, alinipa kitabu lakini kiti hakunipa. "Viti ni vya wanunuzi." Historia ya falme nzima niliisoma nimesimama, mguu huu halafu mguu ule. Nimebeba neno hilo miaka ishirini na mitano.

Leo alivuta kiti. "Kaa."

"Leo ndio kuna kiti?"

"Leo hakuna mnunuzi."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kidogo kuliko yeye.

Katoni kumi na nne. Vitabu vya historia: reli, vita, wafalme, njaa. Vya sanaa, vizito kama mawe ya kusagia. Vya jamii: ndoa, ukoo, miji, namna watu wanavyozikana. Na riwaya. Alisema ni 236. Nikahesabu, 235. Kimoja kilikuwa mkononi mwake, hakina jalada wala ukurasa wa kwanza, kimechakaa kama noti.

"Hiki nimekisoma mara nne," alisema. "Mpatie mtu mbishi."

"Kwetu wabishi ni wengi."

"Mpatie aliye zaidi."

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Miguu inauma.

Jumatatu, 7 Aprili

Kilo 51.

Katoni zimefika kwa lori la majani lililokuwa likirudi tupu. Ogada, karani wa mizani, kijana wa upande wa ziwa ambaye huniita Min Beverly kama wanavyosema kwao, alitundika ya kwanza kwenye ndoano kabla sijafungua mdomo.

"Ogada, hivyo ni vitabu."

"Min Beverly, kitu kikifika hapa kinapimwa."

Akapima zote kumi na nne. Kilo 118. Halafu akapiga mstari. "Toa kilo moja kila mzigo, ya gunia na maji."

"Vitabu vina maji gani?"

"Mimi sijui. Sheria ni sheria."

Kwa daftari la Ogada nina vitabu kilo 104. Kilo kumi na nne zimepotelea hewani, mahali pale pale zinapopotelea za kila mkulima.

Mzee Chepyegon alifika akasimama mlangoni pa stoo na koti lake refu la mvua. "Katibu. Hii stoo ni ya mbolea."

"Mbolea inafika Juni, Mwenyekiti."

"Basi mpaka Juni. Lakini nisikie ni hadithi za uongo! Watu wa hapa wako na kazi."

"Ni historia. Sanaa. Jamii."

"Na?"

"Na riwaya kidogo."

"Kidogo ngapi?"

Nilisema sijahesabu. Ni uongo wangu wa kwanza mwaka huu. Ni sabini na sita.

Jumatano, 9 Aprili

Kilo 49. Nimetengeneza rafu. Mbao nne, matofali, na ubao wa chini nimeulaza juu ya magunia mawili ya simiti iliyoganda niliyokuta pembeni chini ya turubai. Fundi aliyejenga choo cha kituo aliyaacha, nadhani. Yameganda kama mwamba. Kitu kizuri hakitupwi.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumejalidi vitabu vyote. Vidole vya watu wa hapa vina utomvu, na mimi najua mtu anavyojisikia akiambiwa akaoshe mikono kwanza. Badala ya kuosha watu, nimevisha vitabu. Rodah alileta karatasi za mifuko ya simiti kutoka kwa nyumba anayojenga, tukazikung'uta, tukakata, tukajalidi kama tulivyofunzwa darasa la tatu. Rodah ni mwanakamati, na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Akikunja pembe ya karatasi, imekunjika.

Niligawanya mafungu manne: historia 1 hadi 80, sanaa 81 hadi 120, jamii 121 hadi 160, riwaya 161 mpaka mwisho. Nikaenda kupimisha majani yangu, nikamwachia Ogada kalamu ya wino aandike nambari juu. Upepo ukaleta mvua bandani. Ogada alikumbatia mafungu yote akayasukuma stoo, halafu akaandika nambari kama yalivyoangukiana.

Sasa nina vitabu 236 vyote rangi moja, na orodha inayosema uongo. Nilimwambia Ogada maneno.

"Min Beverly, si nambari ziko zote? Hakuna iliyopotea."

Ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatatu, 14 Aprili

Kilo 55. Walioazima: hakuna.

Jumatano, 16 Aprili

Kilo 53. Walioazima: mmoja, Ogada, na alikuwa anataka kitu cha kukalia.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Hakuna kuchuna. Rodah alipitia kwangu akataka cha jamii. "Cha mambo ya ndoa, Mama Beverly. Niwasomee akina mama." Nilifungua stoo nikampa nambari 140.

Ijumaa, 25 Aprili

Kilo 58. Lori limechelewa saa tatu, limekwama kwenye kona ya mteremko. Watu thelathini bandani, majani yamemwagwa mezani, wanatoa yale magumu, hawana la kufanya.

Mzee Chepyegon akaingia stoo. "Nakagua," alisema.

"Karibu ukague."

"Historia iko wapi? Ya kweli."

"Moja mpaka themanini."

Akapitisha kidole kama mtu anayechagua jogoo. Akachomoa nambari 61. Alikagua amesimama, mgongo kwa watu, mpaka lori likapiga honi mara mbili.

Jumatano, 30 Aprili

Kilo 56. Mwenyekiti amekagua tena. 61.

Jumatatu, 5 Mei

Kilo 60, sijawahi.

Nimeona kitu. Ndani ya 61 mna majani mawili na chipukizi, yamelazwa kama alama. Ijumaa yalikuwa ukurasa wa 59. Leo yako 71. Kitabu kina kurasa 268. Kwa mwendo huo, kukiwa na siku tatu za lori kwa wiki, atamaliza ukaguzi katikati ya Juni.

Walioazima wiki iliyopita: tisa. Watu wamegundua kwamba chini ya karatasi ya simiti hakuna anayejua unasoma nini. Kiptanui, mwanakamati mwenye sauti kubwa kuliko shamba, amechukua 203 mara mbili, na nimechungulia: ni mapenzi mtupu. Anaibeba kwapani kama Biblia.

Ijumaa, 9 Mei

Niandike polepole, sijui kama nina hasira au kicheko.

Rodah alirudisha 140. Hakukirudisha, alikitua mezani katikati ya majani ya watu. Bandani kulikuwa na watu arobaini na wawili.

"Mama Beverly. Niliomba kitabu cha ndoa."

"Ndiyo."

"Nimekifungua mbele ya akina mama kumi na wanane na mke wa mchungaji."

Akakifungua tena. Ilikuwa sanaa. Ukurasa mzima, sanamu ya mawe ya mama mmoja ameinama, na hana hata leso.

Kelele ikapanda. Kiptanui akasema apewe akione vizuri ndio akikemee vizuri. Mzee Chepyegon alifika, akaangalia, akafunga. "Katibu, hii ndio jamii?"

"Nambari zilichanganyika, Mwenyekiti."

"Wewe! Wewe mwenye hesabu! Nambari zako zinaweza kuchanganyika?"

Alilisema kwa namna ya kuumiza, na najua linatoka wapi. Mwaka jana mbolea ilihifadhiwa kwa ghala lake la mahindi. Magunia 340 yalikuja, mimi mwenyewe niliyahesabu juu ya lori hapa kituoni. Siku ya kugawa yalikuwa 338. Nikaandika kwenye kumbukumbu: "Magunia mawili hayakuonekana yakiwa kwa Mwenyekiti." Kamati ikapitisha kwamba mbolea isilale tena kwa mtu binafsi. Hakuna aliyesema neno mwizi. Lakini tangu siku hiyo Chepyegon hajawahi kuniita Mama Beverly. Ni Katibu, Katibu, Katibu. Na mimi nimesema sawa, hesabu haina urafiki.

Mambo yalipotulia Rodah alibaki. Alifungua 140 tena, akajifanya anatafuta kalamu yake.

"Lakini huyu mama," alisema, "angalia mgongo. Huu ni mgongo wa mtu wa kuchuna chai."

"Ni kweli."

"Hata mimi wangu uko hivi." Akafunga. "Usimwambie mtu nimesema."

Jumatano, 14 Mei

Kilo 54. Mwenyekiti ametangaza mkutano wa Alhamisi tarehe 19 Juni. Ajenda moja: stoo. Mbolea ya mwaka huu ni magunia 340, inafika wiki inayofuata, lazima ilale pakavu. Vitabu vitoke. Vikienda kwangu vitalala jikoni na moshi na kuku, na hakuna atakayepanda mlima na kikapu mgongoni kuja kuazima. Nikivitoa hapa vimekufa.

Nimepima stoo. Mita nne kwa tatu. Nimepiga hesabu kila upande. Magunia yanaingia na vitabu haviingii, au vitabu vinaingia na magunia themanini yanakaa nje. Hesabu nayo leo imenikataa.

Ijumaa, 16 Mei

Mwalimu Gekara amepiga simu. "Umempata mbishi?" Nikamwambia sijui hata kile kitabu kiko wapi, vyote vimevaa nguo moja. Alicheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 23 Mei

Saa tisa na dakika kumi anga ya juu ya Mogogosiek iligeuka rangi ya sufuria. Tulikuwa kituoni. Kwanza yalianguka mawe ya barafu kama njugu, watu wakacheka, wengine wakayatia mdomoni. Halafu yakaja makubwa kama jicho la mbuzi. Banda letu halina kuta. Tulikimbilia stoo, watu kumi na tisa ndani ya mita nne kwa tatu, wengine wakaingia chini ya meza.

Dakika ishirini na mbili. Mabati yalilia hivi kwamba usingesikia hata mtu akikupigia kelele sikioni. Hakuna maongezi, hakuna maombi ya kusikika. Kila mtu alikuwa anaona kwa akili chai yake ikipigwa. Mimi nilikuwa nahesabu mashina.

Nilipoinua macho niliona watu wanasoma. Mmoja alichomoa kitabu kwa sababu kilikuwa mbele ya uso wake, wa pili akafuata. Watu kumi na wawili wamesimama bega kwa bega, gumbuti ndani ya maji, wanasoma wakibadilisha mguu huu na mguu ule. Mzee Chepyegon alikuwa kati yao na 61. Paa linavuja pale pembeni, na kwa mkono wa pili alikuwa amenyoosha koti lake juu ya rafu ili maji yasifikie vitabu. Hakuniona nikimwona.

Ilipokoma tulitoka. Mlima mzima ulinuka majani yaliyosagwa, kama umesimama ndani ya kiwanda. Kwangu mashina yamebaki vijiti.

Jumatatu, 26 Mei

Kilo 0.

Jumatano, 28 Mei

Kilo 0. Hakuna wa jirani aliye na kilo. Lori halikuja. Watu thelathini na mmoja walikuja kituoni, na vikapu vitupu migongoni.

"Kwani mmeleta nini?" Ogada akauliza.

"Tumeleta macho," akasema Kiptanui. "Pima hayo, na utoe ya gunia."

Nilipika chai ya sufuria kubwa. Rodah aliwasomea kwa sauti historia ya njaa moja ya zamani, nambari 19, na mzee mmoja akasema hiyo njaa ni ndogo, ya kwao ilikuwa kubwa, wakabishana mpaka saa kumi. Sijawahi kuona watu waliopigwa na mvua ya mawe wakicheka hivyo.

Jumatatu, 2 Juni

Kilo 3.

Leo afadhali nisingefagia.

Maji ya mvua yamekuwa yakipita chini ya rafu. Nilivuta turubai nikaushe. Magunia yale mawili yamelowa na vumbi limetoka, na maandishi yameonekana. Si simiti. Ni NPK 26-5-5, mbolea ya chai, na chini yake kuna muhuri wa mwaka jana.

Nilikaa chini kwenye maji.

Sasa nakumbuka vizuri. Mwaka jana nilihesabu magunia 340 juu ya lori hapa kituoni. Halafu lori likazama kwenye tope la lango, vijana wakashusha magunia kadhaa wakayaweka stoo ili lichomoke. Lilipochomoka wakapakia tena. Mimi sikuhesabu tena, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika. Mawili yalibaki, mtu akayafunika turubai. Ghala la Chepyegon lilipokea 338 na likatoa 338.

Kwa miezi miwili historia, sanaa, jamii na riwaya zote zimesimama juu ya magunia ninayosema mzee yule alikula.

Jumatano, 4 Juni

Kilo 5. Nimerudisha turubai.

Ijumaa, 6 Juni

Kilo 9. Chai inachipua. Nimehesabu alama ndani ya 61: sasa ni sita. Majani mawili na chipukizi, ukurasa wa 199. Unyoya wa kuku, 150. Risiti ya Ogada, 88. Uzi mwekundu, 240. Nyasi, 31. Ganda la peremende, 12. Sijui ni za nani, ila ya kwanza. Hakuna anayekiazima. Wanakisoma hapa hapa, kila mtu na zamu yake, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Ukurasa wa kwanza hakina, basi nilimpigia Mwalimu Gekara nikamsomea mistari miwili ya katikati: mjane na punda, na mlango mgongoni mwa punda.

"Ndicho chenyewe!" akasema. "Nyumba ya yule mama iliungua, ukabaki mlango tu. Anauzungusha nchi nzima akitafuta pa kuuweka."

"Ilitokea wapi?"

"Haikutokea, Phelis. Ni riwaya."

Basi ni hivyo. Mwenyekiti anayekataza hadithi za uongo anasoma hadithi ya uongo wiki ya sita. Ninayo alama yake ya majani, nina kurasa, nina tarehe. Nikisimama tarehe 19 nikasoma hayo tu, banda litamcheka mpaka Sigowet wasikie, na kura atakuwa hana uso wa kuipiga.

Nimefurahi sana. Nimefurahi mpaka chakula cha jioni.

Jumatatu, 9 Juni

Kilo 14. Kura: ya Rodah na wawili wengine ni za vitabu. Ya Kiptanui na wawili ni za mbolea. Kiptanui anasema moyo wake uko na 203 lakini tumbo liko na mahindi. Tatu kwa tatu. Mwenyekiti ndiye atakayeamua.

Jumatano, 11 Juni

Kilo 18. Majani mawili na chipukizi: ukurasa wa 231.

Jumapili, 15 Juni

Nimefikiri. Watu wanakuja kwa sababu chini ya karatasi ya simiti hakuna anayejua wanasoma nini. Nikitoa siri ya mmoja, kesho kila mtu ataogopa yake. Nitashinda stoo na nitabaki humo peke yangu na vitabu 236.

Hilo limeisha. La magunia halijaisha. Mwaka mzima nimeona anapitwa kwenye mambo. Akina baba wa kanisa lake walichagua mtu mwingine kutunza mahindi ya harambee. Nilisema moyoni: ndiyo hesabu hiyo. Na nikiyataja magunia sasa, nani ataniamini tena nikisema kilo, nikisema ekari, nikisema chochote? Mimi sina shahada. Nina nambari tu.

Jumatano, 18 Juni

Kilo 26. Sina la kuandika. Sijalala vizuri.

Alhamisi, 19 Juni

Watu sabini na nne bandani, bila kuhesabu wa nje. Mvua kidogo. Rodah alifungua kwa maombi marefu yaliyogusa mbolea na vitabu kwa haki sawa.

"Katibu," Mzee Chepyegon akasema, "soma kumbukumbu za mwaka jana kuhusu mbolea, ndio tuendelee."

Nilisoma mpaka pale. "Magunia mawili hayakuonekana yakiwa kwa Mwenyekiti." Yeye aliangalia mlima. Watu waliangalia gumbuti zao.

"Mwenyekiti," nikasema, "kuna kosa."

"Kosa gani?"

"Langu. Hesabu ni yangu na kosa ni langu. Naomba watu waje stoo."

Hawakuenea wote, waliochungulia wakawasimulia wa nyuma. Ogada na Kiptanui waliinua ubao wa chini, nikavuta turubai. Nikaeleza lori, tope, lango, na mimi na kalamu yangu iliyokuwa na haraka. Nilisema ghala la Chepyegon lilipokea 338 na likatoa 338, na kwamba aliyepoteza mawili ni mimi, na niliyaweka chini ya vitabu nikidhani ni simiti.

Mzee Chepyegon akasema, "Rudia."

"Lipi?"

"Nambari. Rudia ya ghala langu."

"Ilipokea 338, ikatoa 338."

"Andika hiyo."

Nikaandika nimesimama. Alingoja mpaka nikaweka nukta. Halafu akagusa gunia moja kwa ncha ya gumbuti, na uso wake ukaanza kufunguka pembeni. "Mwaka mzima," akasema, "mke wangu ananiuliza, Mzee, kama ulikula, ulikula na nini?"

Banda likapasuka. Hata mimi, na machozi yakinitoka, nilicheka.

Ogada akasema, "Na kila moja toa kilo ya gunia," akafukuzwa.

Kiptanui akapaza sauti. "Sasa mambo ni rahisi. Ile sheria ya mtu binafsi imekufa?"

"Imekufa," akasema Rodah. "Katibu, andika imekufa."

"Basi mbolea ilale wapi?"

"Kwangu," Mzee Chepyegon akasema. "Ghala liko tupu, mahindi iliisha mwezi wa nne. Mia tatu na arobaini itaingia na nafasi itabaki. Na Katibu atakuja kuhesabu. Mara mbili."

"Na vitabu, Mwenyekiti?"

Alikohoa. Alivuta koti lake. "Vitabu ikae."

"Kwani wewe unasoma?" Kiptanui akauliza, na meno yote nje.

Mungu ni shahidi, niliangalia daftari.

"Nakagua," akasema mzee. "Na nambari sitini na moja sijamaliza kukagua. Huyo mama na mlango bado..."

"Usiseme!" Sauti ilitoka kwa Rodah.

"Nyamaza, Mzee, mimi niko pale kwenye daraja!" Huyo alikuwa Kiptanui.

"Mimi punda hata hajanunuliwa!" Ogada, kutoka nje alikofukuziwa.

Wakaangaliana. Unyoya wa kuku, uzi mwekundu, risiti. Wote walikuwa hapo, na wote walikuwa wamejua kwa nambari kile ambacho hakuna aliyejua kwa jina. Mzee Chepyegon alikuwa amekaa na mikono magotini kama mtu aliyevuliwa kofia na upepo akaona wenzake pia hawana.

Nikaona niseme ukweli wote siku hiyo hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeshalowa. "Mwenyekiti, kuna kosa lingine. 61 iko upande wa historia. Si historia. Ni riwaya."

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa thelathini. Yule mama ako peke yake jikoni, anasonga ugali, na kitabu inasema anawaza nini." Akatikisa kichwa. "Historia gani inajua mama aliwaza nini akisonga ugali peke yake? Hata mimi wangu sijui, na ni miaka arobaini na moja."

"Na ukaendelea?"

"Sasa mlango ningemwachia nani?"

Hakukuwa na kura. Alifunga kwa maombi. Wakati watu wanatoka alisimama karibu na meza yangu, akatazama nilivyoandika 338 na 338.

"Umechelewa mwaka mmoja," akasema.

"Nimechelewa."

"Haya. Chai iko, Mama Beverly?"

Jumatatu, 23 Juni

Kilo 31. Mbolea imefika. Nimehesabu 340 lango la kituo na 340 mlango wa ghala. Mzee alisimama kando akihesabu kwa Kikipsigis, tukafika pamoja. Rafu sasa iko juu ya matofali.

Jumatano, 25 Juni

Kilo 36. Mwalimu Gekara amepiga kutoka Nyamira, nikamwambia yote. Aliuliza kama tumeweka viti stoo. Nikamwambia nafasi ni ndogo, watu wanasoma wamesimama. Akasema, "Basi nisamehe." Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.

Jumatatu, 30 Juni

Kilo 44. Zamu ya 61 imepangwa: watu kumi na mmoja, kitabu kimoja. Mzee Chepyegon alimaliza Ijumaa. Anatembea bandani mdomo umefungwa kama mfuko wa mbegu, na watu wanamkimbia wasije wakaona uso wake wakajua mwisho.

Mimi ni wa kumi na mbili. Lakini ufunguo wa stoo ni wangu, na leo nilifika mapema, nikasoma kabla ya watu kuja. Nimeweka jani langu ukurasa wa 30. Mama yuko jikoni, anasonga ugali. Mzee alisema kweli: hakuna historia ingejua hayo.

Kwamba ni kweli nimejuaje, sijui. Lakini alichokuwa anawaza mama yule ni sawasawa.

Mguu ulikufa ganzi, nikabadilisha.